Pete ya Punda

Mtaa mzima ulimwita Redio, na si kwa kumsifu. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni katika mji mkongwe, mji mdogo ambao mwenye haraka huumaliza kabla viatu havijashika vumbi. Redio alikula kwa kuurefusha kwa maneno. Aliwapitisha wageni kwenye lango la ukuta akawasimulia vita ambavyo havikupiganwa. Aliwapandisha ngazi za mnara wa saa akasema mishale ilisimama siku binti wa mtawala alipokufa kwa mapenzi, ilhali kila mtoto wa mji alijua imesimama kwa kutu. Wageni walipiga picha, wakaguna kwa huruma, wakamtia kitu mkononi. Alijitetea kwamba uongo wake haukuwahi kumtoa mtu damu. Watu wa namna hiyo hudhani damu ndiyo pekee inayoweza kumwagika.

Matembezi yake yaliishia kwenye nyumba ya shangazi yake.

Ndiyo nyumba iliyomlea wazazi wake walipofariki. Shangazi, dada wa baba yake, alikuwa mshona magodoro, na chumba chake cha mbele kilijaa sufi hadi usawa wa dirisha. Kuchambua sufi kuna sharti moja: mdomo ufungwe. Ukizungumza, nyuzi zile nyepesi kama moshi hukurukia kooni, ukakohoa hadi machozi yakutoke. Kwa hiyo katika nyumba ile watu walifanya kazi wamejifunga kitambaa usoni, kimya, wakitenga mbegu kwa vidole. Redio aliikimbia kazi hiyo mara tu ndevu zilipoanza kuota. Alisema hakuzaliwa bubu. Shangazi alimjibu kwamba mdomo ni mlango, na mlango usio na komeo hauchagui anayepita.

Ukutani, kando ya mlango wa nyumba hiyo, palikuwa na pete nene ya chuma. Baba yake shangazi, ambaye kwa Redio ni babu, alikuwa mchuuzi wa maji, na hapo ndipo alipofungia punda wake, mnyama mkaidi aliyeng'ata nusu ya mtaa na kuilisha familia nzima. Mzee alipokufa hakuacha picha wala fimbo. Aliacha pete. Shangazi aliipaka mafuta kila alipofagia mlangoni, isije ikala kutu.

Lakini mgeni gani atafunga safari kuja kuona pete ya punda? Redio akaifanya pingu. Aliwaambia wageni kwamba nyumba ile ilikuwa gereza la mtawala katili, na bwana jela aliishi humo humo na wanawe, akiwafunga watu ukutani wakilia mpaka kunakucha. Wageni waliingiza mikono yao kwenye pete wakapigwa picha, nyuso zimekunjwa kwa huzuni ya dakika moja. Ndani, shangazi aliisikia sauti ya mtoto wa kaka yake ikipanda na kushuka kwa lugha asiyoijua, akadhani anamsifu babu yake. Siku nyingine aliwatolea wageni maji ya kunywa.

Mwenye mgahawa wa ng'ambo ya njia alikuwa wa kwanza kunusa faida. Alining'iniza mnyororo mlangoni kwake na kuuita mgahawa Pingu, na kila aliyeuliza alimwapia kwamba babu yake mwenyewe alivisikia vilio. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Redio ilikuwa na urefu wa kutosha tu kufika ofisi ya mambo ya kale.

Ofisa alikuja na fundi wa vipimo. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko ukali. Alimweleza shangazi kwamba nyumba yenye historia nzito kama ile haiwezi kuachwa ijae sufi. Itakuwa makumbusho ya gereza. Yeye atapewa chumba ghorofani, kwenye majumba mapya nje ya mji, ambako kwa bahati mbaya kazi ya magodoro hairuhusiwi. Shangazi aliuliza ni gereza gani analolitaja. Ofisa alishangaa kwamba mtu anaweza kuzeekea ndani ya gereza asilijue, kisha akamsimulia yote, mpaka bwana jela na wanawe.

Jioni Redio aliitwa. Hakukaribishwa kiti.

"Umemfanya baba yangu bwana jela," shangazi alisema.

"Shangazi, yale ni maneno ya biashara tu."

"Sawa. Na bidhaa ndiyo mimi."

Alimwamuru aseme kweli siku ofisa atakaporudi. Redio alilalamika kwamba atanyang'anywa beji yake ya kutembeza wageni, na bila beji hatakanyaga tena na wageni langoni. Shangazi alimwambia beji itamtoka shingoni tu, bali yeye shangazi linalomtoka ni paa.

Redio hakumwambia shangazi jambo moja. Ofisa alikuwa amemdokeza kwamba makumbusho yatahitaji msimulizi wa kudumu, mwenye sare na kiti kivulini. Mwenye mgahawa naye alimtia maneno: bibi kashazeeka, ghorofani atapumzika, wewe nyamaza tu, kwani nani kakwambia useme? Kwa mara ya kwanza maishani Redio aliona utamu wa kunyamaza. Siku ilipofika alitoka kwake ameshaamua kufunga mdomo.

Alifika na wageni wake akamkuta ofisa mlangoni, fundi akiunyoosha utepe wa vipimo juu ya dirisha. Shangazi alikaa kizingitini na kitambaa usoni, vidole ndani ya sufi, kana kwamba wote wale ni inzi. Mgeni mmoja, mama wa makamo ya shangazi, aliingiza mkono kwenye pete na kuutoa umelowa mafuta. Aliutazama, akamtazama shangazi, kisha akamtaka Redio aulize kwa nini bibi huyu anaitunza pingu iliyotesa watu.

Redio alitafuta pa kukwepea. Ofisa alikuwa anaijua lugha ya wageni kama yake, na alikuwa anasikiliza.

"Anauliza kwa nini unaipaka mafuta," alisema.

Shangazi alishusha kitambaa.

"Mwambie ni ya baba yangu."

Maneno matano. Redio alikuwa amekwisha kuwatafsiria watawala, mabinti na wafungwa ambao hawakuzaliwa, na sasa aliyesema alikuwa hai, amekaa miguuni pake. Mwenye mgahawa alikohoa kutoka ng'ambo. Redio alifungua mdomo kusema serikali ndiyo inayoipaka mafuta, akayaona macho ya shangazi yameganda kwenye midomo yake, yakingoja kama mtu anayengoja kofi.

Alitafsiri. Kisha akaongeza, kwa lugha zote mbili, kwamba ilikuwa pete ya punda, kwamba gereza halikuwepo, na kwamba yeye ndiye aliyelitunga.

"Redio imeunguza waya," alisema mwenye mgahawa. Hakuna aliyecheka. Yule mama mgeni alimgeuzia Redio mgongo. Wenzake walimzomea na kudai walichompa, akawarudishia. Ofisa alimwambia fundi akunje utepe. Ofisi yake haihifadhi mabanda ya punda. Upole ulikuwa umemwisha, maana alikuwa ameshaandaa hotuba ya ufunguzi. Alinyoosha mkono, akapokea beji bila kumtazama mwenye nayo.

Njia ilipobaki tupu, Redio alisogea mlangoni. Alitazamia neno moja la shukrani, na kutazamia kwenyewe kulionyesha jinsi alivyokuwa hajajifunza. Mtu hashukuriwi kwa kuzima moto aliouwasha mwenyewe. Shangazi alisukuma gunia la sufi kwa mguu mpaka likamgusa.

"Kaa uchambue. Nimekupa kazi, sijakusamehe."

Alikaa, akaanza kueleza kwamba nia yake haikuwa mbaya. Sufi ikamrukia kooni. Alikohoa mpaka akainama, machozi yakamtoka, na shangazi hakuinuka kumletea maji. Aliendelea kutenga mbegu. Redio alipotulia, shangazi akamtupia kitambaa.

Redio alikifunga usoni, akakaza fundo.