Aliyepokea Chai ya Mama

Mama alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kaka yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyemkatia tiketi ili akapasuliwe goti, akaniomba nimsindikize. Tulitoka Bariadi alfajiri, tukafika uwanja wa ndege wa Mwanza mapema mno, na kwa kuwa tiketi zilituruhusu kuingia launji, tukaingia kula.

Palikuwa kimya. Luninga ilionyesha watu wakibishana bila sauti. Mama aliketi karibu na mlango kwa sababu ya goti. Nikampelekea chapati, maharage na kipande cha sangara, kisha nikarudi kumchukulia chai.

Nilipogeuka na kikombe, nikamwona amehamia meza ya dirishani. Amevua sweta, amejifunga kilemba vilevile. Nikamwekea chai mbele yake.

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "goti limekubali kukufikisha huku?"

Alipuliza chai, akanywa, akasema kwa Kisukuma kwamba ni ya moto lakini nzuri. Sauti ilikuwa yake. Nikavuta kiti nikae. Ndipo nikasikia mama akikohoa nyuma yangu.

Alikuwa palepale mlangoni, sweta mwilini, chapati mkononi, anatutazama.

Sikuogopa papo hapo. Niliona aibu kwanza, kama mtu aliyemkumbatia mgeni akidhani ni ndugu. Kisha nikamtazama tena yule mwanamke: pengo la meno ya mbele, jicho la kushoto lililolegea kidogo, vyote kama vya mama. Nikasogea nyuma.

Mama akaja akichechemea na sahani yake.

"Mwadila," akasalimia.

"Mwadila, mayu," yule akaitikia.

Wakaketi uso kwa uso; nilipokwenda mlangoni kuchukua mabegi yetu na kurudi, wakawa wanakula samaki kutoka sahani moja. Hakuna aliyemshangaa mwenzake. Mhudumu alipita akacheka, "Jamani, mapacha!"

Ndege yetu ikatangazwa. Nikamuuliza yule mwanamke kama naye anakwenda Dar.

"Yangu bado haijaitwa," akasema. Akaushika mkono wa mama, kisha akauachia.

Hewani, akitazama mawingu, mama akasema.

"Nilizaliwa pacha, Bukundi. Mwenzangu alikufa kabla hatujaanza kutambaa. Ndivyo nilivyoambiwa. Kaburi sikuonyeshwa."

"Sasa mbona hukumuuliza?"

"Nilimuuliza, wewe ulipokwenda kuchukua mabegi. Akaniambia, 'Kula kwanza.'"

Upasuaji ulikwenda salama. Tuliporudi, mama akataka tumpitie mjomba wake wa Bukundi, mzee pekee aliyebaki wa siku zile. Nilitumaini atatuambia kwamba mtoto alipewa watu, akalelewa kwingine, mambo yaishe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimzika mimi," akasema. Kisha akamtazama mama. "Ulikula naye?"

"Nilikula naye."

Mzee akanyanyuka, akatoka nje kwenda kwa ng'ombe wake. Hakurudi ndani hadi tulipoondoka.

Mama sasa anatembea vizuri, analima mpunga wake Ngulyati, na habari ile haiogopi hata kidogo. Mimi ndiye mwoga. Nikifika kwake nikamkuta ameketi amenipa mgongo, humwita kwanza, nikangoja ageuke, ingawa najua uso hautanisaidia kitu.