Jarida Kwenye Pango la Mafuvu

Harufu ya karatasi iliyopata unyevu hunirudisha kwenye pango la mafuvu ya mababu zetu, kule juu mlimani Mwanda. Baba, mlokole, alitukataza kulikaribia. Lakini serikali ilipopiga marufuku jarida la dhehebu letu, lililosema ardhi ni ya Mungu wala si ya mzungu, alificha nakala zake mle pangoni, nami nikimwona.

Askari walipekua nyumba wasipate kitu. Mmoja wao, Mtaita mwenzetu, akachuchumaa mbele yangu.

“Mwanangu, baba huenda wapi siku hizi?”

Kwa jarida hilohilo baba alinifundisha kusoma, na kutosema uongo. Nikanyoosha kidole kuelekea pangoni.

Baba alipopitishwa akiwa amefungwa pingu, alinitazama. “Umesema kweli, binti yangu.”

Hakurudi. Mpaka leo, mgeni akiniuliza njia, nashindwa kumwonyesha kwa kidole.