Karatasi Yenye Muhuri wa Zambarau

Wambugu hakukaa. Benchi la kliniki ya meno pale mtaani Skuta lilikuwa na nafasi, lakini alienda mlangoni, akarudi, akapapasa mfuko wa koti, akaenda tena.

"Guka, unazunguka kama kuku anatafuta mahali pa kutaga," mjukuu wake Shirleen akamwambia, shavu limemvimba kwa jino.

Hakucheka. Miaka saba kazi ya kumpeleka mtoto hospitali ilikuwa ya mkewe, Kabura. Shirleen alizaliwa uti wa mgongo ukiwa wazi, akapasuliwa mara tano, na madaktari wakasema mtoto wa kupasuliwa hivyo mwili wake huweza kuukataa mpira, ule wa glavu na baluni. Baluni moja tu ya sande skuli ilimvimbisha midomo mpaka pumzi ikakwama. Tangu hapo Kabura hakuingia hospitali bila karatasi ya onyo. Sasa alikuwa na wiki sita mchangani, na Wambugu hakujua kusoma. Alijua tu kwamba karatasi ile ina muhuri wa zambarau. Asubuhi alifungua mkoba wa marehemu, akaona muhuri, akachukua.

Wakaitwa. Muuguzi, Sista Mutanu, akampandisha mtoto kitini, akapokea karatasi, akaisoma. Akamtazama mzee. Akaisoma tena.

"Mzee," akasema polepole, "hii ni kibali ya kuzika."

Mikono ya Wambugu ikakosa pa kwenda. Ni yeye aliyeibeba kutoka mochari, na hakuitambua.

Sista akamrudishia, akampa pole ya msiba, akachomoa glavu kwenye boksi. Kidole cha kwanza kikaingia.

Wambugu akamshika mkono.

"Mpira usimguse. Atakufa."

"Mimi na mpira hatuelewani, sista," Shirleen akaongeza.

Sista akavua, akalitoa boksi nje, akanawa mikono. Akanung'unika kwamba neno kama hilo husemwa mlangoni. Kisha akaenda chumba cha pili kutafuta glavu zisizo za mpira, na Wambugu akasimama mbele ya kile kiti mpaka aliporudi.

Jino likatoka. Sista akaandika kadi mpya ya onyo.

"Weka kitu nitajua," Wambugu akasema.

Sista akamchorea glavu, akaikata kwa mstari wa kalamu nyekundu. Mzee akaitia kadi mfuko wa kushoto. Ile karatasi ya kumzika Kabura ilikuwa kulia. Njia nzima akawa anapapasa huku, anapapasa kule.