Chumba Kilichobaki cha Udongo

Baba yangu alichagua sakafu mara moja tu maishani mwake, akachagua vibaya, na sijamsamehe mpaka leo. Najua si adabu kumsema marehemu. Mimi namsema.

Uhuru ulikuwa na miaka michache tu. Korosho zilikubali msimu ule, na nyumba yetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mtwara mjini ukielekea mto Ruvuma, ilikuwa ya miti na udongo kama nyumba zote za kijijini. Baba alikuwa ameziona nyumba za maofisa wa serikali kule mjini, zenye sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka inang'aa, akarudi na maradhi ya kuitaka. Akaleta mifuko ya saruji kwa lori la korosho, pamoja na fundi Mmakua, mtu mpole wa maneno machache.

Fundi akapima vyumba kwa kamba. Akasema saruji ile ingetosha sebule peke yake, nene na ya kudumu, au sebule nyembamba pamoja na chumba cha watoto.

Mama hakusita, akataka chumba cha watoto nacho kipate. Mimi na mdogo wangu wa kike tulilala chini, juu ya mkeka. Wa mwisho, wa kiume, alikuwa bado ananyonya na alilala kitandani kwa mama. Kiangazi vumbi la chumba kile lilijaa funza. Mama alinyunyiza maji, akasiriba kwa udongo wa kichuguu, akamwaga mafuta ya taa pembeni, na funza wakarudi vilevile. Kila baada ya siku mbili tatu alitukalisha uani na sindano yake akitutoboa vidole kuwatoa. Ngozi yangu mimi ilikuwa ngumu. Mdogo wangu ndiye funza waliyempenda. Alitembea kwa visigino, na watoto wenzetu walimcheka.

Baba alikuwa bado anakuna kidevu bibi alipotia neno lake. Bibi alikuwa mama yake mzazi, na chumba kile cha watoto alilala humo pia, juu ya kitanda chake cha kamba. Kwetu maiti alioshewa ndani. Chini ya kitanda cha kuoshea ulichimbwa ufuo, shimo la kupokea maji, ili maji ya mtu yaishie katika ardhi ya nyumba yake mwenyewe.

"Mkikijaza saruji chumba hiki," bibi akasema, "mimi mtanichimbia wapi? Chumbani kwa mke na mume?"

Mama akajibu kwa adabu kwamba uani pana nafasi, panaweza kuzungushiwa makuti. Bibi akasema hakuzaa watoto saba ili aje aoshewe nje. Nikamwona baba akishusha pumzi. Alikuwa amepata sababu. Tangu mwanzo alitaka sebule nene, na sasa aliweza kuitaka huku akionekana mtoto mwema kwa mama yake. Basi chumba chetu kikabaki cha udongo, kikimngojea bibi, ambaye alikuwa mzima wa afya na muhogo wake akiulima mwenyewe.

Sebule ikawa nyekundu. Kazi ya kuisugua kwa kumbi la nazi tulipewa mimi na mdogo wangu, kila asubuhi, kisha tukafukuzwa, kwa kuwa kukaa humo kulikuwa kwa wageni. Mdogo wangu alipenda kuketi kizingitini na kuweka nyayo zake kwenye ule ubaridi. Ulimpoza muwasho. Baba akimkuta alimkemea, akisema vidonda vyake vinachafua sakafu.

Kiangazi kilichofuata kidole kimoja cha mdogo wangu kilivimba. Mama alikifunga kwa majani na kitambaa. Baada ya siku chache mtoto akashindwa kufungua mdomo anywe uji, na jioni mgongo wake ukapinda. Wakampeleka hospitali mjini. Daktari alimwambia mama kwamba ni pepopunda, kwamba iliingilia kwenye vidonda vya funza, na kwamba wamechelewa. Alirudishwa kesho yake amefunikwa kanga ya mama.

Ufuo ulichimbwa pale pale tulipokuwa tukitandika mkeka wetu. Bibi ndiye aliyemwosha. Sikumwonea huruma. Nilikuwa na miaka tisa na niliwachukia yeye na baba kwa pamoja. Wanaume walikaa sebuleni. Viti vilikuwa vimetolewa nje kwa ajili ya msiba, wakaketi chini, na mmoja wao akapapasa sakafu kwa kiganja, akamwambia baba kwamba ina ubaridi mzuri. Baba akamshukuru. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Ilipopita arobaini, baba alirudi kutoka mjini na mifuko miwili ya saruji juu ya baiskeli, na fundi yule yule nyuma yake. Akaniagiza maji kisimani, akaitua mifuko mlangoni pa chumba cha watoto na kuanza kutoa kitanda cha bibi. Bibi mwenyewe hakupinga. Alisema siku yake ikifika wamwoshee popote, hata nje.

Mama akatoka chumbani kwake, mtoto akinyonya, akasimama mbele ya kitanda kile. Hakupandisha sauti.

"Kiache chumba hivyo hivyo," akamwambia baba. "Bado wamebaki wawili wa kuchimbiwa."

Baba akakishusha kitanda. Fundi aliinamisha kichwa akitazama miguu yake. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wawili, nimesimama uani na ndoo ya maji ya kuchanganyia saruji kichwani, na hakuna aliyenipokea.