Siti ya Nyuma Kabisa

Mtu mwenye akili zake akienda kununua gari huuliza linakula mafuta kiasi gani, spea zake zinapatikana wapi, na kama limeinuka vya kutosha kwa barabara za Yatta. Nzioka hakuuliza hata moja. Alikaa kwenye usukani, akamwomba mwenye gari apande siti ya nyuma kabisa, kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea nyuma mpaka bega likamlia.

"Nakufikia?" akauliza bila kugeuka.

"Hunifikii."

"Sawa. Sasa ongea polepole. Ongea kama mtu mgonjwa."

Abdisamad, mwenye gari, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe mjini Machakos, na katika miaka yake yote ya kuuza vitu hakuwahi kuombwa augue kwanza ndipo auze. Lakini mteja alikuwa amekuja na pesa mkononi. Akalegeza sauti, akalalamika kwamba kiuno kinamuuma na anaomba maji kidogo. Nzioka alisikia kila neno, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hii ndiyo nataka," alisema.

"Hata boneti hujafungua, mzee."

"Boneti nitafungua. Si boneti iko na shida."

Shida ilikuwa mama mkwe.

Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni. Ukisema ni haya utakuwa umesema nusu, na ukisema ni heshima utakuwa umesema nusu nyingine. Ni ile nafasi inayoachwa kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Hawapeani mikono, hawali meza moja, hawaketi pamoja, wala hawaangaliani machoni. Vijana wanaokaa mjini, kule Syokimau, huwakumbatia mama wakwe wao na kupiga nao picha, na hakuna mvua iliyokataa kunyesha kwa sababu hiyo. Lakini Nzioka alimwoa Mutindi kijijini Katangi miaka ishirini na sita iliyopita, na kwa miaka yote hiyo hakuwa amemkaribia Munyiva, mama yake Mutindi, kiasi cha nguo zao kugusana. Watu walimsifu. Kwenye arusi za wengine alitajwa kama mfano. Tusimcheke sana, kwa sababu mtu mwenye kaduka ka mbegu na dawa za mifugo hana mengi ya kusifiwa.

Kisha figo za Munyiva zikafa. Daktari alisema damu yake isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, katika hospitali ya mjini Machakos, na akamwambia Mutindi waziwazi kwamba siku zikirukwa hatakuwa na la kufanya.

Wakati huo Nzioka alikuwa na Probox, gari zuri la kazi, linalobeba mifuko ya mbolea bila kulalamika. Alhamisi ya kwanza alilipeleka hadi mlangoni kwa mama mkwe, akashuka, akasimama mbali. Munyiva alitoka amejitanda leso, akafika kwenye gari, akaiangalia siti ya dereva na ile ya nyuma yake. Akaangalia tena. Halafu akarudi nyumbani taratibu na kuketi.

"Goti langu litagusa mgongo wake," alimwambia binti yake. "Siwezi."

Mchungaji alikuja akamwambia Mungu hajali mambo ya magoti. Munyiva akamjibu kwamba Mungu hajali kwa sababu hana mkwe. Basi kwa wiki saba alisafirishwa kwa vya kuazima, mara pikipiki, mara pikapu ya mtu wa nyanya akiwa amekaa juu ya kreti, na siku ambazo hakuna kilichopatikana hakwenda. Miguu ikavimba. Pumzi ikawa fupi. Mutindi, ambaye hakuwa mwanamke wa kuficha maneno, alimwambia mumewe usoni kwamba wiki hizo saba zimemmaliza mama yake, na yote yatakayofuata yatakuwa kungoja tu.

"Si muondoe hiki kitu?" alisema. "Njia iko. Wazee wakae, mbuzi ichinjwe, apewe shuka yake, iishe."

Njia ilikuwepo kweli, na Nzioka alituma wazee. Munyiva aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Wasichana wa hospitali wananivua nguo kama mtoto," alisema. "Mkojo wangu wanauliziana mbele ya watu. Mtoto niliyemzaa ndiye ananiogesha. Kitu kimoja tu changu hakijaguswa, ni vile mume wa mtoto wangu ananiheshimu. Hicho mniachie."

Wazee walileta jibu hilo dukani. Nzioka alilisikia, na badala ya kuhuzunika alishusha pumzi. Alikuwa ameogopa kwamba Munyiva angekubali. Aliona aibu kwa kufurahi, lakini alifurahi, na hakumwambia mtu.

Ndivyo Probox ilivyouzwa pamoja na mafahali wawili, na ndivyo Noah ya Abdisamad ilivyofika Katangi. Safu tatu za siti. Dereva mbele, Mutindi katikati, mama nyuma kabisa dirishani. Nzioka aliliosha, akaliegesha kivulini, akangoja kupongezwa.

Mutindi alifungua mlango wa kuteleza, akakunja siti ya katikati, akachungulia ule upenyo wa kupita.

"Umemnunulia mama siti ya watoto," alisema. "Mtu wa miguu imevimba hivi, unataka apande kama mbuzi?"

Lakini Munyiva alipoliona gari alilipenda. Alisimama pembeni, akapima kwa macho kutoka usukani hadi dirisha lake, akasema kwa sauti ambayo Nzioka aliyesimama kando ya tangi la maji angeweza kuisikia, "Sasa huyu ni mtu."

Neno hilo lilimlisha Nzioka miezi minne.

Miezi hiyo minne hawakuruka siku hata moja. Kila Jumatatu na Alhamisi walipanda, na Nzioka alikigeuza juu kile kioo cha ndani mpaka kikatazama dari, asije akakutana na macho ya mama kwa bahati mbaya. Maneno yalipita kwa Mutindi.

"Mwambie Baba Wavinya apunguze mbio."

"Amesema upunguze."

"Mwambie mama hapa ni matuta, nitaenda polepole."

"Amesema ni matuta."

"Nimesikia. Mwambie asante."

Mutindi alisema siku moja atashuka awaache wamalizane, na mama yake akacheka mpaka akakohoa. Zilikuwa safari nzuri kwa namna yake. Lakini gari zuri halirudishi figo. Munyiva alikuwa akikonda juu na kuvimba chini, na kila wiki kupanda kwenye ile siti kulimchukua muda mrefu zaidi. Watu walioomba lifti waliacha kuomba. Wote waliona mambo yalikoelekea, hata Nzioka, ila yeye alijikaza kwa kuendesha.

Wiki ya mwisho ilianza vibaya. Jumatatu mvua ilinyesha, mto ukakata barabara, hawakwenda. Jumanne binti yao Wavinya, aliyeolewa huko Kinanie, alipasuliwa ili azae, na Mutindi akaenda kumwangalia. Alimwachia maagizo Nthenya, mke wa jirani: Alhamisi apande, akae katikati, awe mdomo wa hawa watu wawili.

Alhamisi asubuhi Nthenya alituma ujumbe kwamba mtoto wake ameamka na degedege, amekimbia naye zahanati. Nzioka aliegesha gari kwa mama mkwe na kungoja amwone mwanamke yeyote wa kuomba. Wengine walikuwa shambani, mvua imeshanyesha. Saa tatu ikapita. Nafasi ya mashine ilikuwa saa sita. Akampigia Mutindi.

"Uko hapo bado?" Mutindi alipiga kelele. "Mpeleke! Mashine inangojanga mtu? Alirukwa Jumatatu, Nzioka. Mpeleke wewe na yeye."

Alifungua mlango, akakunja siti ya katikati, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, mgongo umeelekea gari. Alimsikia akitoka nyumbani akiburuta ndara. Akamsikia akifika, akipumzika, akianza kupanda. Fimbo ilianguka. Zikafuata pumzi nyingi za haraka, kisha siti ikalia. Haya yote yalichukua muda ambao mtu angeweza kunywa chai na kumaliza. Nzioka alisimama pale na mikono yake miwili mizima, akilitazama tangi.

"Kama kuna mtu," sauti ya Munyiva ilisema, "amwambie dereva twende."

Nzioka aliokota fimbo, akailaza sakafuni macho yakiwa chini, akarudisha siti, akafunga mlango.

Njiani walizungumza na hewa. Kama kuna mtu, amwambie dereva afungue dirisha. Dirisha likafunguliwa. Kama kuna mtu, amwambie mama maji ya mto yamepungua, tunapita. Walipita. Kama kuna mtu, amwambie dereva kwamba Wavinya amepata msichana, kama hajaambiwa. Alikuwa ameambiwa, lakini alisema kama kuna mtu amwambie mama dereva amefurahi. Nzioka aliona wanaweza. Hata alifikiri jinsi atakavyomsimulia Mutindi jioni, na atakavyocheka.

Walipoingia lami aliuliza hewa kama mama anasikia baridi. Hewa haikujibu. Alizima redio ambayo hata hivyo ilikuwa chini. Akasikia pumzi, au akasikia upepo wa dirishani, vitu hivyo viwili havina tofauti kubwa ukiwa umbali ule. Amelala, alijiambia. Mtu mgonjwa akilala ni vizuri.

"Kama kuna mtu," alisema baadaye kidogo kwa sauti ya juu zaidi, "amuulize mama kama ako sawa."

Akangoja jibu mpaka kona iliyofuata.

Mbele kulikuwa na soko la kando ya barabara, wanawake wameketi na ndizi na maparachichi, kama kumi hivi. Nzioka aliondoa mguu kwenye mafuta. Angesimama, angemwomba mmoja wao apande amwangalie. Angemwambiaje? Kwamba nimembeba mama mkwe, mama mgonjwa, na siwezi kugeuza shingo? Wangemcheka, au wangemwelewa, na hakujua lipi ni baya zaidi. Kungekuwa pia na njia nyingine, ya kusimama, kukunja siti, kuingiza kichwa na kumtazama mwenyewe. Akamwona Munyiva akifumbua macho na kuukuta uso wake pale, pua kwa pua, na kile kitu kimoja alichoomba aachiwe kikiwa kimeondoka. Saa ya gari ilionyesha saa tano na dakika ishirini na tano. Wakichelewa nafasi itapewa mwingine, na hajasafishwa tangu Alhamisi iliyopita. Mwanamke mmoja alikuwa ameshasimama na kichane cha ndizi, akidhani ni mteja.

Nzioka alikanyaga mafuta.

Alifika hospitali saa sita kasoro dakika tano. Alikuwa amewahi. Alishuka na kumwita Jeremiah, muuguzi wa mashine aliyewajua, akamwambia leo Mutindi hayupo, amsaidie kumteremsha mgonjwa. Mwenyewe akasogea kando, hadi kwenye ukuta, kama kawaida yake.

Jeremiah alifungua mlango, akaita kwa jina. Akakunja siti, akaingia. Alikaa ndani kidogo, halafu akatoka bila haraka, akaja hadi ukutani.

"Pole, mzee," alisema. "Ameenda."

Nzioka aliitikia kwa kichwa.

"Mikono imeshapoa. Aliacha kupumua saa ngapi?"

"Sijui."

"Kwa kukadiria tu. Nitaulizwa. Ni kabla ya lami ama ni hapa karibu?"

"Sijui, daktari."

"Basi niulize aliyekuwa amekaa naye. Mlikuja na nani?"

"Tulikuwa wawili," Nzioka alisema. "Mimi na yeye."

Jeremiah alimwangalia, akaligeukia lile gari refu na siti zake tupu za katikati. Akaenda kutafuta machela.

Simu ililia mkononi. Mutindi. Nzioka aliiacha ikatike, ikalia tena, akapokea. Hakuwa na namna nzuri ya kusema, akasema vibaya, na upande wa pili akasikia mkewe akilia katika wodi ya watu waliojifungua, na mtoto mchanga akilia naye. Alingoja. Alilia yeye pia, amegeukia ukuta.

"Alifia wapi?" Mutindi aliuliza alipoweza.

"Kwa soko," Nzioka alisema. "Hapo wanauza ndizi."

"Ulisimama?"

"Nilisimama."

"Na alikuwa peke yake huko nyuma?"

Machela ilipita mbele yake, imefunikwa shuka, na mguu mmoja uliovimba umetokeza, bila ndara. Alikuwa hajawahi kuuona mguu wa mama mkwe. Alitazama chini.

"Hapana," alisema. "Niliingia. Nikamshika mkono."

Upande wa pili Mutindi alipenga kamasi.

"Asante," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa amemsikia nayo kwa miaka mingi. "Asante sana, Baba Wavinya. Nilikuwa naogopa hutaweza."

"Si kitu," Nzioka alisema.