Upinde wa Matabaka Kumi na Moja

Fundi huyu hakupenda haraka tangu utotoni, na kazi aliyoipata ilimfaa kama kidole na pete. Kwa miaka thelathini na miwili amekuwa akipaka vanishi milango, meza na makabati katika karakana ya samani, na hana haya kusema kwamba mlango haujawa mlango mpaka mpita njia asimame kuutazama mara ya pili. Ukimuuliza lini kabati lako litakuwa tayari, hujibu neno moja tu: "Bado." Ndiyo maana wenzake wa Jumapili walimbandika jina la Bwana Bado, likamganda.

Hao wa Jumapili ni warusha mishale. Hukutana nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani, mahali penye tuta refu la udongo la kupokea mishale inayokosa shabaha. Pinde zao si zile za madukani zenye nyaya na magurudumu. Ni pinde ndefu za mbao tupu, kila mmoja na mti wake, na mapenzi yao kwa pinde hizo wake zao wameyakubali kama watu wanavyoikubali mvua. Hurusha mishale saa moja, kisha hukaa saa tatu wakibishana juu ya namna ya kuipaka mbao isinywe maji wala isipasuke.

Muuza nyama alikuwa mtu wa mafuta. Aliusugua upinde wake kwa mafuta ya ng'ombe mpaka mbwa wa mtaa mzima wakamfahamu. Mwalimu mstaafu alikuwa mtu wa nta ya nyuki, na hakuwa na subira na mtu mwingine yeyote.

"Mti lazima upumue," alisema mwalimu kila Jumapili.

"Upumue una mapafu?" alijibu muuza nyama kila Jumapili, na watu walicheka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Ubishi ukishika moto walimgeukia Bwana Bado. Yeye alikuwa mtu wa vanishi, na hata waliompinga hawakuwa na upinde uliong'aa kama aliopaka yeye. Kwa hiyo waligomba naye mchana, na jioni walimpelekea pinde zao kimyakimya.

Alikuwa na chumba chake uani, chenye dirisha linaloelekea machweo. Humo mlikuwa na makopo yaliyopangwa kwa ukubwa, brashi zilizolazwa kwenye tapentaini, na vitambaa alivyokatiwa na mkewe, fundi cherehani, kutoka kwenye mabaki ya nguo za wateja. Pinde zilizopakwa zilining'inia darini kwa nyuzi, zikizunguka polepole bila upepo wowote wa kuonekana. Jua la alasiri likiingia, chumba kizima kiligeuka rangi ya asali. Hapo ndipo fundi alipotoweka. Mkono uliendelea kusugua, lakini mwenyewe alishakwenda: mara yuko ndani ya mti, anasikia maji yakipanda, mara yuko mto wa utotoni, amelala chali, mawingu yanampita. Mkewe alimwita chakula mara tatu, naye alisikia mara ya nne. Hakuwa amelala wala hakuwa macho, na kwa kweli hizo ndizo saa alizozipenda kuliko zote maishani mwake.

Ni saa kama hizo zilizomponza.

Katika kona, mbali na pinde za watu, ulining'inia upinde mmoja mweusi-mwekundu kama chai iliyokolea. Aliuchonga mwenyewe, wa kwanza na wa mwisho, binti yake alipokuwa na miaka kumi na mitano na ameanza kupendezwa na shabaha. Alimwambia, "Huu ni wako, mama. Ukikauka tu." Binti akarukaruka kwa furaha, akaenda kuhesabu siku. Miaka kumi na mmoja baadaye ulikuwa haujakauka.

Sasa sikiliza. Mchonga upinde ana mwiko mmoja mkubwa: mgongo wa upinde, ule upande unaoitazama shabaha, hauguswi. Kila mwaka mti hujiongezea ngozi moja mpya, na ngozi moja lazima ibaki nzima toka ncha hadi ncha. Ikiinuka mahali, iache iinuke. Ikipinda, iache ipinde. Ukiikata, umeuonyesha upinde mahali pa kuvunjikia. Fundi aliyajua hayo yote, na aliwahi kuwahubiria wengine. Lakini mazoea yana taabu. Mikono yake ilikuwa imelainisha milango elfu kadhaa, na penye jicho dogo la mti palikuwa na kivimbe kiasi cha punje ya dengu kilichomnyima raha. Siku moja alasiri alichukua msasa, akasema atakipitia kidogo tu. Jua likaingia dirishani, akaenda zake mtoni. Aliporudi, kivimbe hakikuwapo. Mahali pake palikuwa laini kama meza ya waziri, na ngozi ya mti ilikuwa imefunguka, mistari yake ikizungukana wazi.

Angeweza kumwita binti yake, amwambie, wachonge mwingine. Badala yake alifungua kopo la vanishi.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya huyu aliirefusha kwa brashi. Binti aliulizia, akaambiwa bado. Mwaka uliofuata fundi akaongeza tabaka la pili, na mwaka uliofuata la tatu, na kila tabaka lilipendeza kuliko lililotangulia, hata wenzake walikuja kuutazama upinde ule kama wageni wanavyotazama mtoto mchanga. Binti akashika upinde wa kuazima wa mwalimu. Kwa upinde huo akawashinda wote pale kiwandani, muuza nyama akiwa wa kwanza kulalamika. Alipofika miaka ishirini, akaacha kuulizia. Fundi aliona nafuu, na nafuu ile ilimuuma kuliko maswali.

Binti alisomea upimaji wa ardhi, akapata kazi mbali, mwendo wa siku mbili kwa treni. Alikuwa aondoke Jumatatu. Jumamosi mchana aliingia chumba cha uani, akaketi juu ya kopo kubwa la rangi, akazitazama pinde zikizunguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeshafunga mizigo?"

"Nimefunga. Baba, nina swali moja, na sitaki ugomvi. Upinde ule hutanipa, nimeshaelewa. Nataka tu kujua nilikosea wapi."

"Ukosee wapi tena?"

"Sijui, ndiyo nauliza. Nilidhani nikijifunza kulenga vizuri utanipa. Nikajifunza. Ukasema bado. Nikadhani nikiwashinda wale wazee utanipa. Nikawashinda. Ukasema bado. Basi nikajua machoni mwako sifai, nikaacha kuuliza. Lakini nakwenda mbali, na sitaki kwenda na jambo hilo."

Miaka yote ile fundi alijua anaficha kosa lake. Hakuwahi kufikiri hata siku moja kwamba mtoto wake alikuwa anatafuta kosa hilo ndani yake mwenyewe. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Aliushusha upinde, akaulaza magotini mwa binti yake, akamshika kidole na kukiweka kwenye mgongo, karibu na mshiko.

"Hapa," akasema.

"Hapa pana nini? Sioni kitu."

"Ndivyo nilivyotaka usione. Palikuwa na kivimbe kiasi cha dengu, nikapakwangua. Nimeikata ngozi ya mti, mama, ule mwaka wa kwanza. Nilikuwa naota zangu, msasa ukapita. Ukivutwa, utavunjika hapo hapo. Nikaona haya kukwambia. Mimi, fundi mzima! Nikapaka, nikapaka, nikapaka."

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilinyamaza. "Kumbe!" sauti ya mkewe ikapita dirishani. "Miaka kumi na mmoja navuta harufu ya madawa yako kwa kidonda kiasi cha dengu!"

Hakuna aliyecheka. Binti alikuwa amekaza macho kwenye upinde.

"Tuuvute," akasema hatimaye.

"Utavunjika, nakwambia."

"Basi uvunjike tukiwa hapa wote. Afadhali hivyo kuliko kuning'inia."

Fundi hakutaka. Niseme ukweli, alikuwa ameuzoea upinde ule ukiwa hivyo, mzuri na usiojulikana, na roho ilimuuma kama mtu anayepeleka mnyama wake machinjoni. Lakini alimtazama binti yake usoni, akanyanyuka. Ukutani palikuwa na kigingi ambacho wachongaji huutundikia upinde mpya, na chini yake kapi iliyofungwa sakafuni, ili kamba ipite hapo na mtu avute akiwa mbali, mbao ikiruka isimtoboe jicho. Akaufunga upinde ugwe, ule uzi wa kurushia mshale, taratibu. Akautundika. Akafunga kamba kwenye ugwe, akaipitisha kapini.

"Nivute mimi," akasema.

"Tuvute sote."

Wakasimama mlangoni, baba mbele na binti nyuma, mama akiwa nje na utepe wake wa kupimia shingoni. Walivuta kiasi cha kiganja, wakaachia. Wakarudia mara ishirini, maana mti uliolala muda mrefu hauamshwi kwa makofi. Wakavuta viganja viwili, wakaachia. Mikono ya upinde ilianza kupinda, polepole, pande zote sawa, ikawa duara zuri ambalo fundi alikuwa ameliona ndotoni tu. Viganja vitatu. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na kwa kitambo alisahau anachokiogopa.

Tak!

Alifumba macho. Kamba ilibaki mikononi mwake, na alingoja sauti ya mbao kuanguka sakafuni. Ikasikika tak! nyingine, kisha nyingi kwa pamoja, ndogondogo.

"Baba," binti akanong'ona. "Haujavunjika."

Wakaachia kamba. Fundi alikwenda ukutani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mgongo wa upinde. Vanishi ilikuwa imepasuka toka ncha hadi ncha, nyufa nyembamba mamia kwa mamia, na vipande vidogo vilikuwa vimedondoka sakafuni kama maganda ya vitunguu. Alipitisha ukucha ndani ya nyufa, akawasha taa, akavaa miwani, akatafuta ufa kwenye mti wenyewe pale alipoukata. Hakuuona. Mti ulikuwa mzima. Alikuwa amepaka upinde kama anavyopaka mlango, na kati ya mambo yote aliyoyajua kuhusu milango alikuwa amesahau moja, kwamba mlango haupindi.

Wakavuta tena, mpaka mwisho kabisa, mpaka urefu wa mshale. Vanishi ililia ikadondoka. Mbao haikusema neno.

Fundi aliketi chini kwenye vipande vile, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na minane. Hakulilia vanishi. Upinde ulikuwa unafaa tangu ule mwaka wa kwanza. Ungevutwa na msichana wa miaka kumi na mitano siku ile ile, na hakuna ambacho kingetokea.

"Nipe wiki," akasema akijifuta uso. "Niukwangue, niupake mafuta mepesi, nikutumie kwa treni."

"Hapana," binti akasema, akiushusha upinde kigingini. "Naupeleka uwanjani sasa hivi."

Walikwenda wawili tu. Nyuma ya kiwanda hapakuwa na mtu. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, na mwanga wa jioni ulikuwa mzito, wa dhahabu, kana kwamba siku yenyewe haina haraka ya kwisha. Binti alisimama kwenye mstari, akavuta. Mshale wa kwanza ulikwenda juu mno, ukazama kwenye tuta. Wa pili ukawa chini. Alikuwa akianza kuufahamu upinde, na upinde ukianza kumfahamu yeye, na vipande vya vanishi viliruka kwenye mkono wa shati lake kila alipoachia ugwe. Kuanzia mshale wa tano hakukosa tena. Fundi alikaa kwenye nyasi akimtazama, na safari hii hakwenda mtoni wala popote. Alikuwa pale.

"Mama," akasema. "Hukuwahi kuwa na kasoro machoni mwangu. Hata siku moja."

Binti aliushusha upinde.

"Ungeniambia nikiwa na miaka kumi na mitano, baba," akasema, kwa upole kabisa, akachukua mshale mwingine.

Fundi alingoja mpaka mshale ule ukatua, kisha akainuka, akajikung'uta nyasi, akaenda kumwokotea mishale.