Begi Lililobaki Botini

Elina Mwakatobe wa mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu, alikuwa mwanamke wa kusimama mbele. Alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na mbili, akalea watoto wanne kwa migomba na nusu eka ya chai. Kikundi cha akina mama wakulima kilipotafuta mwenyekiti, hawakuhangaika kupiga kura, walimwinua yeye. Kwa miaka tisa hakuna aliyemnyooshea kidole.

Mwezi wa nane mwaka jana kikundi kilialikwa kwenye ufunguzi wa kanisa katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa, mbele kabisa ya Ikombe. Huko hakuna barabara. Milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja hadi majini, na anayetaka kufika hupandia boti Matema. Walienda wanawake kumi na mmoja, na mikungu ya ndizi ya zawadi, na kila mmoja na begi lake. Elina alibeba gauni jipya la kitenge aliloshonesha kwa ajili ya siku ile, akalifunga vizuri kwenye nailoni.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Walipita Ikombe wakiimba. Baada ya hapo nyumba zikaisha, ikabaki miamba, na msitu ulioning'inia juu yake hadi kwenye mawingu. Bibi Atupele, aliyewazidi wote umri na ambaye hakuwahi kupanda boti maishani, aliuliza kama kweli huku wanaishi watu. Wakacheka.

Kabla ya saa sita mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukaanza kuvuma. Mawimbi yakawa yanamwagikia ndani, na pembeni hapakuwa na pa kutua, ukuta wa mawe mtupu. Erasto, mwendesha boti, alisema bila kugeuza shingo, "Tupeni mizigo majini. Yote. Boti ni nzito."

Watu wakasita. Elina akasimama, akashikilia ubao.

"Tupeni, jamani," alisema. "Nguo tutashona nyingine."

Ndizi zikaenda, mabegi yakafuata. Doreen, mdogo kuliko wote, alitupa lake huku akilia. Bibi Atupele alilipakata lake kidogo, maana ndani mlikuwa na sweta la marehemu mumewe, kisha akaliachia majini.

Elina akaketi. Begi lake lilikuwa miguuni pake, na juu yake alikuwa ameshusha khanga. Alijiambia ni dogo, halina uzito wowote.

Erasto aliwafikisha wote salama kwenye ufukwe wa changarawe. Walikuwa wamelowa chapachapa na upepo bado unavuma. Bibi Atupele alitetemeka hadi hakuweza kusimama.

"Mtafutieni kitu kikavu," Erasto alisema.

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na kitu. Elina alikuwa nacho, ila kukitoa ilikuwa kujitangaza mbele ya wote. Akageuka akaitazama milima. Wenyeji watakuja sasa hivi, aliwaza, ngoja kidogo.

Kweli wakaja. Mama mmoja mwembamba, ambaye gauni lake lilikuwa limechanika begani, alijifungua kitenge alichojitanda akamfunika Bibi Atupele, kisha akabaki amejikunyata kwenye upepo. Elina akashindwa kuendelea kutazama milima. Alivuta begi, akafungua nailoni, akalitoa gauni likiwa kavu, lingali na mikunjo ya pasi.

Doreen alilitazama gauni, halafu akalitazama ziwa.

"Lete," alisema Bibi Atupele. "Nina baridi."

Elina alimvalisha. Bibi akamwambia, "Ndaga," kama anavyomshukuru mtu yeyote aliyempa maji ya kunywa. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

"Ulijua, bibi?"

"Nilikaa karibu yako, mwanangu. Khanga haikufunika vizuri."

Siku ya ufunguzi Elina aliimba akiwa safu ya nyuma, katika nguo zilizomkaukia mwilini, na hakuinua uso.

Waliporudi Tukuyu aliitisha kikao. "Niliwaambia mtupe," alisema, "na mimi nikaficha langu. Nikamwacha mama yetu atetemeke." Akaweka muhuri na daftari la kikundi mezani. Moyoni alitumaini kidogo kwamba yuko atakayesema achukue tena. Na kule kutumaini kwenyewe kukamtia aibu nyingine.

Wakamchagua Doreen.

Elina hakutoka kwenye kikundi. Huketi karibu na mlango, na akiulizwa maoni huchelewa kujibu. Siku za kuchuma, Doreen akipita kati ya mistari ya chai humwambia, "Shikamoo, mama," kwa heshima ile ile ya zamani. Elina huitikia marahaba akiwa ameinamia majani.